Je, Wajua? Tu Youyou, Sampuli Namba 191 na Kidonge cha Njano

Je, wajua kwamba dawa mseto unayopewa zahanati ukikutwa na malaria, ile ya vidonge vya njano, nusu ya nguvu yake imetoka kwenye jani? Na aliyelikamua jani hilo mpaka likasalimu amri ni mwanamke wa Kichina aitwaye Tu Youyou. Vuta kiti, msomaji, leo ni zamu yake.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1930 mjini Ningbo, pwani ya mashariki ya China. Akiwa na miaka 16 alishikwa na kifua kikuu, akakaa nje ya shule miaka miwili mizima. Alipopona alikuwa ameshaamua: atasomea dawa, ajitibu yeye na awatibu wengine.

Unajua shahada yake ya mwisho ni ipi? Ni ile ya kwanza! Aliingia chuo cha tiba Beijing mwaka 1951, akasoma famasia, akahitimu mwaka 1955, basi. Hakuchukua shahada ya uzamivu, hakupata mafunzo ya utafiti ng'ambo, na hakuwa mwanachama wa akademia kuu za sayansi za nchi yake siku alipotangaziwa Tuzo ya Nobel.

Na hii je? Kazi zake za mwanzo hazikuhusu malaria hata kidogo. Alichunguza mmea uitwao Lobelia chinensis kama dawa ya kichocho. Zaidi ya miaka 20 baadaye, watafiti wa China wakagundua kwamba dawa za jamii ya ile aliyoipata yeye kwa ajili ya malaria huua pia minyoo michanga ya kichocho!

Kati ya mwaka 1959 na 1962 alirudi darasani, safari hii kusomea tiba ya jadi ya Kichina, miaka miwili na nusu. Mfamasia wa maabara akaketi kusoma mitishamba ya wahenga. Shikilia hilo, litakufaa mbele kidogo.

Sasa sogea karibu, maana hapa pana siri ya serikali. Tarehe 23 Mei 1967, China ilianzisha mpango wa kijeshi wa kutafuta dawa mpya ya malaria, ukaitwa Mradi 523. Mbona namba hiyo? Mwezi wa 5, tarehe 23, hakuna zaidi.

Chanzo kilikuwa vita ya Vietnam. Askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakianguka msituni kwa malaria ambayo haikusikia tena klorokwini, na viongozi wao wakaomba msaada Beijing. China ikawakusanya wanasayansi zaidi ya 500 kutoka taasisi zipatazo 60.

Upande wa pili wa vita, Wamarekani nao walikuwa na msako wao. Taasisi ya jeshi ya Walter Reed ilipima kemikali zaidi ya 200,000, ndipo ikapatikana meflokwini. Mbu, unaona, hakuwa na upande.

Tu Youyou aliingia kwenye mradi Januari 1969 akiwa na miaka 38, tena moja kwa moja kama kiongozi wa kikundi. Mume wake alikuwa amepelekwa mbali na nyumbani, kama wasomi wengi wa enzi ile ya Mapinduzi ya Utamaduni. Yeye mwenyewe akatumwa kisiwa cha Hainan, kusini kabisa, akaione malaria kwa macho yake.

Watoto je? Mkubwa alimwacha kituo cha kulelea watoto, mdogo akampeleka kwa babu na bibi Ningbo. Aliporudi, mtoto hakumtambua mama yake. Ukimeza kidonge cha mseto, jua kuna gharama iliyolipwa ambayo haiandikwi kwenye boksi.

Kikundi chake kilianza kwa kukusanya. Vitabu vya kale, barua za wananchi, waganga wazee: dawa zaidi ya 2,000 zikaandikwa. Kutoka humo akachagua 640 na kuzitia kwenye daftari moja, tena kwa miezi mitatu tu.

Na je, wajua kwamba pilipili manga ilikaribia kuwa dawa ya malaria? Ndiyo, hiyo hiyo ya kwenye pilau! Kwa panya ilizuia vimelea kwa asilimia 84, watu wakashangilia. Ilipofika kwa wagonjwa, ikatuliza dalili kidogo na vimelea vikabaki vinatamba.

Hawakukata tamaa. Kufikia mwaka 1971 walikuwa wamejaribu dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200. Mmoja wa mimea hiyo ulikuwa qinghao, ambao wataalamu huuita Artemisia annua, ndugu wa pakanga unayoijua wewe.

Mara ya kwanza qinghao ilizuia vimelea kwa asilimia 68. Wakarudia: asilimia 40. Wakarudia tena: asilimia 12! Jani lile lile, maabara ile ile, matokeo yanaruka huku na huko. Wengine wangelitupa.

Yeye akarudi vitabuni. Akafungua kitabu cha tiba za dharura cha tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, kiasi cha miaka 1,600 kabla yake. Humo akakuta maelekezo mafupi ya homa za vipindi: chukua qinghao konzi moja, loweka kwenye maji, kamua, kunywa.

Umeona kinachokosekana? Moto! Ge Hong hakuchemsha. Waganga wengi huchemsha dawa zao, na maabara nayo ilikuwa ikitumia joto, kumbe joto ndilo lililokuwa likiiua dawa ndani ya sufuria. Mstari mmoja wa kitabu cha kale, na mtu aliyeusoma kwa makini. Mimi kila nikifika hapa nasisimka.

Basi akabadili kimiminika cha kukamulia. Akachukua etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi. Mwili wako sasa hivi una nyuzi 37! Yaani aliitoa dawa kwa joto dogo kuliko la mtu anayesoma gazeti kivulini.

Akagundua mengine pia. Dawa imo kwenye majani, si kwenye mashina. Msimu wa kuvuna unabadili kila kitu. Na dondoo lina sehemu yenye asidi inayodhuru mwili bila kutibu chochote, akaiondoa.

Haya, shika tarehe hii: 4 Oktoba 1971. Sampuli namba 191. Panya wenye malaria walipopewa, vimelea viliisha kwa asilimia 100. Wakajaribu kwa nyani: asilimia 100 tena. Umesikia? Kutoka 12 hadi 100, kwa sababu ya kupunguza moto.

Je, wajua walitengenezea wapi dawa ya kutosha kwa majaribio? Viwanda vya dawa vilikuwa vimesimama kwa sababu ya misukosuko ya siasa. Wakachukua mapipa makubwa ya maji ya majumbani, wakajaza majani na etha humo, wakawa wanaloweka na kukamua kutwa.

Vyumba vilikuwa havina feni za kuvuta hewa chafu. Mvuke wa etha uliwazunguka siku nzima, watu wakawa wanapata kizunguzungu na kutokwa damu puani. Tu Youyou mwenyewe aliugua ini kwa sababu ya sumu ya kemikali, na kazini akarudi.

Unadhani nani alikuwa binadamu wa kwanza kuimeza dondoo hiyo? Yeye! Vipimo vya usalama kwa wanyama vilikuwa vimeleta shaka kidogo, na msimu wa malaria ulikuwa unakaribia kupita. Julai 1972, Tu Youyou na wenzake wawili walilazwa hospitali ya Dongzhimen jijini Beijing, wakaimeza chini ya uangalizi wa madaktari. Wakatoka wazima.

Baada ya hapo, safari ya Hainan. Wagonjwa 21, wengine wakiwa na aina ile kali inayotuua sisi, wengine na aina nyepesi inayorudiarudia. Homa zikashuka na vimelea vikatoweka kwenye damu.

Novemba 1972 kikundi chake kikapata dawa halisi ikiwa fuwele nyeupe. Atomi 15 za kaboni, 22 za haidrojeni na 5 za oksijeni. Hiyo ndiyo artemisinini, ndugu yangu, mtu mzima!

Na hili liliwatia wanakemia kiwewe: haina naitrojeni hata chembe. Kwinini inayo, klorokwini inayo, karibu kila dawa ya malaria iliyokuwa ikitumika ilikuwa nayo. Hii ilikuja na umbo ambalo hakuna aliyelitazamia.

Vidonge vya kwanza vya artemisinini, mwaka 1973, vilifeli. Dawa ilikuwa nzuri, ila kidonge kilikuwa kigumu kupita kiasi, hakiyeyuki tumboni. Wakaitia kwenye kapsuli badala yake, wagonjwa wakaanza kupona. Fikiria kama wangeilaumu dawa wakaiacha!

Mwaka huo huo wa 1973 Tu Youyou alikuwa akiipekua molekuli yake ajue imeundwaje, akapata nyingine yenye nguvu mara 10 zaidi. Inaitwa dihaidroartemisinini. Ukiwahi kupewa Duo-Cotecxin kwenye duka la dawa, hiyo ndiyo iliyomo, pamoja na mwenzake piperakwini.

Hakuwa peke yake, na hilo lisemwe kwa haki. Vikundi vya Yunnan na Shandong navyo viliitoa artemisinini kwenye majani yao, wengine wakaichora umbo lake kwa miale ya eksirei, wengine wakaunda artemeta na artesuneti. Na lumefantrini, yule mwenza wa artemeta ndani ya ALu, ile dawa mseto ya vidonge vya njano? Naye ni mtoto wa Mradi 523!

Sasa niambie, ugunduzi mkubwa hivi ulitangazwaje? Mwaka 1977 makala ya kwanza ikatoka China, bila jina la mtafiti hata mmoja. Ilisainiwa na kikundi. Desturi za wakati ule hazikuruhusu mtu kujitaja.

Matokeo yake yanashangaza. Mwaka 2005, mtafiti wa Marekani Louis Miller alikuwa kwenye mkutano wa malaria mjini Shanghai akauliza swali jepesi: nani aligundua artemisinini? Hakuna aliyekuwa na jibu. Dunia nzima inaimeza, mgunduzi hajulikani. Miller na mwenzake Xinzhuan Su wakaanza kuchimba nyaraka za zamani, na jina lililochomoza ni Tu Youyou.

Mwaka 2011 akapewa Tuzo ya Lasker. Tarehe 5 Oktoba 2015 ikatangazwa Nobel ya tiba, naye ana miaka 84! Kutoka sampuli namba 191 hadi Nobel ilipita miaka 44 na siku moja. Hesabu mwenyewe uone.

Nusu ya tuzo ilikwenda kwake, nusu ya pili wakagawana William Campbell na Satoshi Ōmura. Hao wawili walitupa nini? Ivermektini, dawa inayokinga watu na usubi unaopofusha na matende. Mwaka mmoja, tuzo moja, na magonjwa matatu ya vijijini kwetu yamo!

Je, wajua malaria ilikuwa imeshabeba Nobel nne kabla ya hiyo? Ronald Ross, mwaka 1902, kwa kuonyesha kwamba mbu ndiye msafirishaji. Alphonse Laveran, mwaka 1907, kwa kukiona kimelea ndani ya damu ya binadamu, kazi aliyoifanya Algeria mwaka 1880. Paul Müller, mwaka 1948, kwa kugundua nguvu ya DDT juu ya wadudu.

Ya nne ndiyo ya ajabu kuliko zote. Julius Wagner-Jauregg wa Austria alipata Nobel mwaka 1927 kwa kuwaambukiza watu malaria kusudi! Wagonjwa wake walikuwa na kaswende iliyopanda ubongoni, na homa kali ya malaria ikawa ndiyo tiba; halafu akawapa kwinini. Tu Youyou ndiye wa kwanza kuipata kwa dawa ya kutibu malaria yenyewe.

Hata angani yupo. Kuna sayari ndogo inayozunguka jua, namba 31230, nayo inaitwa Tuyouyou.

Turudi mwilini mwako. Ndani ya artemisinini kuna daraja la atomi mbili za oksijeni zilizoshikana, nalo limekaa kama baruti inayongoja kiberiti. Kimelea cha malaria kinakula damu yako, na damu ina madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoiwasha dawa, ikalipukia humo humo ndani ya kimelea! Ulafi wake ndio unaomuua.

Kasi yake? Kila baada ya saa 48, yaani mzunguko mmoja wa maisha ya kimelea, dawa hii inapunguza idadi yao mara 10,000. Mtu aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea trilioni 1 mwilini. Mzunguko mmoja, wamebaki milioni 100. Wa pili, wamebaki 10,000.

Umeiona hiyo 10,000? Ndiyo sababu unaambiwa umalize dozi. Siku ya pili homa imeshuka, unajiona mzima, unataka kuviweka vilivyobaki kabatini, na huku maelfu kwa maelfu ya vimelea bado wamo wanajipanga.

Artemeta yenyewe haikai. Ndani ya saa 2 hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Lumefantrini hukaa siku kadhaa ikiwasaka waliosalia, ndiyo maana zinafungwa pamoja na kuitwa mseto: mmoja mwenye kasi, mwingine mvumilivu.

Chukua pakiti ya mtu mzima uihesabu. Vidonge 24, vinne kwa kila mezo, mara sita kwa siku tatu. Mezo la pili linakuja saa 8 baada ya la kwanza, usisubiri kesho. Sasa zidisha: kila kidonge kina miligramu 20 za artemeta, kwa hiyo pakiti nzima ina miligramu 480. Chini ya nusu gramu, na mtu mzima anainuka kitandani!

Na usimeze tumbo tupu. Lumefantrini inapenda mafuta: maziwa, chai ya maziwa na chapati, wali wa nazi. Bila mafuta nyingi inapita tu tumboni bila kuingia kwenye damu.

Wewe uliyekula klorokwini zamani, unaukumbuka ule muwasho? Mwili mzima unawasha kwa ndani, hujikuni ukapata nafuu. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia dawa iitwayo SP, kisha mwaka 2006 ikaingia kwenye ALu. Kenya nayo ilikuwa imeamua kuhamia ALu mwaka 2004, dawa ikafika vituoni mwaka 2006.

Zanzibar waliwatangulia wote wawili. Mwaka 2003 walianza mseto wa artesuneti na amodiakwini, bure vituoni. Utafiti wa wilaya ya Kaskazini A, Unguja, ukaonyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka kwa asilimia 52 kati ya 2002 na 2005. Zaidi ya nusu, msomaji! Kwa miaka mitatu!

Vuka bahari kidogo ufike Komoro. Mwaka 2007, Li Guoqiao wa Guangzhou, mkongwe mwingine wa Mradi 523, na wenzake walishirikiana na serikali ya huko kuwapa dawa watu wa Mwali, kisiwa kizima, wagonjwa na wazima. Mwaka 2012 ikawa zamu ya Nzwani, 2013 Ngazidja. Dawa iliyoanza kwa ajili ya askari wa msituni ikawa inasafisha visiwa.

Sasa hii isikilize kwa utulivu, hasa wewe mzazi. Kwa malaria kali, kwinini ya dripu ilitawala wodi zetu miaka na miaka. Masikio yanavuma, dripu moja inachukua saa nne. Ukaja utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2010: watoto 5,425, nchi 9 za Afrika, Muheza na Korogwe zikiwemo, Kilifi ikiwemo, Mbarara ikiwemo. Nusu wakapewa kwinini, nusu sindano ya artesuneti.

Kwa kwinini walifariki watoto 297. Kwa artesuneti, 230. Watoto 67 tofauti, ndani ya utafiti mmoja tu! Shirika la Afya Duniani likaagiza artesuneti iwe sindano ya kwanza kwa watoto pia, na leo muuguzi akimdunga mtoto wako mara tatu ndani ya saa 24 za mwanzo, huenda baadhi ya waliokuwa kwenye majaribio yale wanaishi mtaa wa pili.

Kwinini lakini tusiisahau, ni bibi wa dawa hizi. Ilitolewa kwenye gome la mti wa Amerika ya Kusini na Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, mwaka 1820. Miti hiyo ililetwa kwetu: Wajerumani waliipanda Amani, milima ya Usambara, na Bukavu kule Kivu kampuni ya Pharmakina imekuwa ikitengeneza kwinini kwa magome ya mashamba ya huko huko.

Na mwaka 1856, kijana wa miaka 18 mjini London, William Perkin, alijaribu kuitengeneza kwinini kwa kemikali nyumbani kwao. Akakosa kabisa. Alichopata ni rangi ya zambarau, ya kwanza ya aina yake kutengenezwa na binadamu, ikamtajirisha!

Mmea wa qinghao unalimwa wapi leo? China, Vietnam, na Afrika Mashariki yetu. Unarefuka kumpita mtu, na huvunwa kabla haujachanua. Kwenye kilo moja ya majani makavu, artemisinini ni gramu 5 hadi 10 tu.

Ile pakanga ya porini inayoota milimani kwetu, Artemisia afra, ni ndugu, si yule yule. Artemisinini yake ni kidogo mno au hakuna. Hata chai ya qinghao halisi Shirika la Afya Duniani halikubali iwe tiba, maana kikombe hakipimi dozi: leo nguvu, kesho haba, na kimelea kinajifunza.

Waganga wa kale wa China waliitumia qinghao kwa nini kabla ya homa? Kwa bawasiri! Maandiko yaliyofukuliwa kwenye kaburi la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, yanasema hivyo. Kaburi lenyewe lilikuwa likichimbuliwa miaka ile ile Tu Youyou alipokuwa akiloweka majani Beijing.

Je, wajua hamira inaweza kutengeneza dawa ya malaria? Ni jamii ile ile inayoumua mandazi! Jay Keasling na wenzake wa Berkeley, Marekani, waliipachika jeni za qinghao, na mwaka 2013 ikatangazwa kwamba lita moja inatoa gramu 25 za malighafi ya artemisinini. Shamba la miezi kadhaa limeingia ndani ya tangi.

China yenyewe je? Miaka ya 1940 ilikuwa na wagonjwa wa malaria wapatao milioni 30 kwa mwaka. Tarehe 30 Juni 2021 Shirika la Afya Duniani likaitangaza haina malaria. Sifuri! Tu Youyou alikuwa na miaka 90, akaiona.

Kwetu bado. Mwaka 2023 dunia ilikuwa na wagonjwa milioni 263 na vifo 597,000, na katika kila vifo 100, 95 ni vya Afrika. Chukua namba hiyo uiweke moyoni.

Na kimelea hakilali. Dalili za kuizoea artemisinini zilionekana kwanza magharibi mwa Cambodia. Mwaka 2020 zikaripotiwa Rwanda, 2021 kaskazini mwa Uganda, kisha zikafika Kagera. Ramani unaijua, wala huhitaji nikuonyeshe zinakoelekea.

Tu Youyou alisemaje? Mwaka 2019, akiwa na miaka 88, yeye na wenzake waliandika kwenye jarida kubwa la tiba la Marekani kwamba silaha ingalipo: refusha dozi kutoka siku 3 hadi 5 au 7, au badilisha dawa mwenza. Kikundi chake wakati huo kilikuwa kikiijaribu dihaidroartemisinini kwa ugonjwa mwingine kabisa, ule wa lupasi, ambapo kinga ya mwili humshambulia mwenyewe.

La mwisho, kisha nikuache uende zako. Je, wajua kwamba mpaka mwaka 2025 hapakuwa na dawa ya malaria iliyoidhinishwa mahususi kwa kichanga cha chini ya kilo 4.5? Wauguzi walikuwa wakikatakata vidonge vya watoto wakubwa, wakikisia. Julai 2025 Uswisi ikaidhinisha artemeta na lumefantrini ya vichanga, na nchi 8 za Afrika zilishiriki kuitathmini, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo. Ina utamu wa cheri, na inayeyuka kwenye maziwa ya mama!